Choo Tulichomchimbia Avoka

Nikisikia harufu ya krezili hata leo, natoka nje. Krezili ni ile dawa nyeusi ya kusafishia vyoo. Ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya mkate. Mke wangu alishaacha kuinunua. Watu wananicheka: avoka mzima, wakili wa watu, unaogopa dawa ya choo? Siiogopi. Inanitia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha kijana mmoja wa Karuba aliyeimwaga kwa ndoo juma zima, akiwa amekunja suruali, akijiona mwerevu. Kijana huyo ni mimi. Puu!

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nimerudi nyumbani Karuba, kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na diploma ya droit, yaani sheria, ndani ya bahasha. Kijiji kizima kilidhani mambo yamekwisha, kwamba kesho yake nitavaa lile joho jeusi na kusimama mbele ya jaji. Wapi! Diploma ya sheria peke yake haikufanyi avoka. Ni lazima kwanza uwe stajiere: upate avoka mwenye biro, yaani ofisi yake, akubali kuwa patron wako, bosi wa kukufundisha, umbebee dosiye za kesi, uandike anayokuambia, mpaka siku atakapoona umeiva. Na siku zile avoka wa kuwaomba katika Kivu yote walikuwa wachache mno. Niliwaandikia wote niliowajua. Alijibu mmoja tu, wa Goma. Huyo akinikataa, sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Barua yake ilipigwa kwa mashine, mistari minne. Alisema ana kesi Walikale, na barabara ya kwenda huko inapita karibu na kwetu, basi hakuna haja ya mimi kuhangaika mpaka Goma. Alhamisi ya juma linalofuata atapita nyumbani mwenyewe anione na kuniuliza maswali. Barua ya mtu mwenye adabu. Niliisoma nikaruka juu kama mtoto. Kisha nikafanya upumbavu wa kumsomea baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa baba yangu, na baba yangu alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani kwetu. Alikuwa karani wa plantasyo, shamba kubwa la Wazungu, mpaka alipozeeka. Lakini cheo chake kikubwa duniani kilikuwa kadi moja, aliyoiweka ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa kitambaa. Wakati wa Wabelgiji, kadi ile walipewa Wakongomani wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kuomba hakukutosha. Kamati ilikuja nyumbani kwako. Wazungu waliinua shuka kuangalia godoro, walifunua sufuria, walifungua mlango wa choo wakanusa, walimuuliza mke wako kama anakula mezani pamoja nawe au anakula na watoto jikoni. Watu wazima na akili zao! Na baba mkubwa, badala ya kuona haya, alisimulia ziara ile kama watu wengine wanavyosimulia harusi.

“Avoka anakuja mu nyumba?” aliniuliza.

“Ndiyo, papa.”

“Mu nyumba, hapana ku biro?”

“Mu nyumba.”

Akajipiga paja. “Basi njo kamati ileile! Bazungu balienda, lakini kazi yao ilibakia. Huyu mutu hana haja ya vitabu vyako. Anakuja kuangalia vile unaishi.”

Nilimwambia hapana, papa, ni njia tu, anapita. Akanitazama kwa huruma. “Mutu ya maana hapiti mu nyumba ya mutu bure,” akasema. Na mimi, niliyesoma miaka yote ile, nikaanza kuona kwamba labda yuko sawa. Aliyewahi kuhojiwa na wakubwa kwetu alikuwa yeye peke yake. Mimi ningejua nini?

Basi tukaanza matayarisho. Asubuhi nilisoma vitabu vya sheria, mchana nilichimba choo. Choo chetu cha zamani kilikuwa cha matete, nacho baba mkubwa alikitazama akatema mate. Tulichimba kipya nyuma ya mgomba, tukakipiga chokaa nje na ndani, fundi akatuchongea kiti cha mbao chenye shimo katikati, na mlango wenye kufuli. Kufuli la choo! Ufunguo alikaa nao baba mkubwa mfukoni, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kuingia kabla ya Alhamisi. Sisi tuliendelea na kile cha matete. Kila asubuhi nilimwaga krezili ndani ya shimo ambalo hakuna aliyekuwa amelitumia.

Mbuzi walihamishiwa kwa jirani. Mashuka mawili yalipigwa pasi ya makaa na kutandikwa juu ya kitanda ambacho mimi mwenyewe nilikatazwa kukilalia. Jioni baba mkubwa alijifanya kamati. Aliingia mlangoni amevaa kofia, akaniuliza: “Nyumba hii iko na bantu ngapi? Mutu analala wapi? Mama yako anakula wapi?” Nami nilitakiwa kujibu haraka, kwa Kifaransa, bila kutazama chini.

Tulifika hapo kwenye mama.

Mama alikula jikoni, kando ya moto, kwenye kigoda chake, kwa mkono, kama wanawake wote wa Karuba. Baba mkubwa akasema haiwezekani. Akamkalisha mezani, akampa uma, akamwekea maharagi, mimi nikiwa upande wa pili na kitabu cha sheria wazi mbele yangu. Maharagi yalianguka. Baba mkubwa akasema, “Tena.” Yakaanguka. “Anza tena, mama. Mukono ya kushoto, nimekuambia!” Mwanamke aliyenisomesha kwa jembe tangu shule ya misheni mpaka chuo kikuu, anafundishwa kula mbele ya mtoto wake. Na mimi nilifanya nini? Niligeuza ukurasa. Sikusoma hata neno moja, lakini niligeuza ukurasa, nionekane ni mtu anayesoma.

“Hii kitu inanichoma ulimi,” mama alisema mwishowe. “Na njaa iko inaniuma. Muniache nikule.” Akachukua sahani yake akaenda jikoni, na kutoka kule tulimsikia akiongea na paka.

Baba mkubwa akavuta kiti chake karibu nami. “Huyu atatuharibia,” akasema. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Mara ya kwanza kamati ilipokuja kwake, ilimnyima kadi. Sababu? Waliingia jikoni wakamkuta mama yake, yaani koko yangu, amekaa chini, miguu ina udongo wa shamba, anakula kutoka ndani ya sufuria. Mara ya pili akawa amejifunza. Alimpeleka mama yake Mweso kwa ndugu, akamwacha huko mpaka kamati ilipopita. Akapewa kadi. Alinisimulia huku akicheka, alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho. “Alikuwa analia, kizee ile! Anasema ninamufukuza!” Nilimwangalia meno yake. Nasema kweli. Nilitamani kuinuka nitoke. Sikuinuka. Nikamuuliza: kwa hiyo sisi tufanye namna gani?

Alitaka mama naye aende Mweso, dada yake alikuwa anakaa karibu na hospitali kule. Mama alipoambiwa hakumtazama baba mkubwa. Alinitazama mimi.

“Na weye unasema nini?”

“Siku mbili tu, mama.”

“Siku mbili.” Akafikiri kidogo. “Maharagi imekauka. Mvua ikiikuta mu shamba, itaota palepale, na tutakula nini? Siendi Mweso. Ile siku nitashinda mu shamba. Gari ikienda, nitarudia.”

Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya juma. Laiti angenitukana.

Alhamisi ikafika. Mama alitoka na jembe na kikapu kabla jua halijapanda. Mimi nilivaa suti iliyonibana makwapani, baba mkubwa akavaa kofia na kadi yake mfukoni, nyumba nzima ikinuka krezili kama hospitali. Kwenye saa nne gari likapanda kilima, limejaa matope mpaka kioo. Akashuka mtu mfupi, mnene, kichwa kina mvi upande mmoja, suruali imelowa. Gari lilikuwa limezama tope njiani, naye alikuwa amelisukuma mwenyewe, dereva wake akiwa kwenye usukani.

Baba mkubwa akainama. “Karibu, Bwana Avoka. Kama munataka kuangalia choo, ufunguo iko hapa.”

Yule bwana akamwangalia, akasema asante, akazunguka nyuma ya mikalitusi, akakojoa huko huko akiwa amesimama, akarudi anafunga mkanda. Nilisikia baba mkubwa akivuta pumzi. Juma zima la chokaa na jasho, na mgeni anakojolea mti.

Hakutazama kitanda. Hakuuliza tunalala wangapi. Alikaa kwenye kigogo nje, kwenye jua akaushe suruali, akaniuliza maswali matatu manne ya sheria, ambayo niliyajibu kama mtu anayesukumwa mgongoni. Kisha akauliza: “Mteja anataka useme uongo kidogo tu mbele ya jaji, na uongo ule utamsaidia. Unafanya nini?” Ee, hapo nilimeremeta! Nilimwambia juu ya heshima ya kazi, juu ya kiapo, nilimtilia na Kilatini. Alinisikiliza, akatikisa kichwa polepole.

Nilikuwa bado nameza mate ya hotuba yangu nilipomwona mama anashuka kilima, mzigo wa maharagi makavu kichwani, kitenge kimepandishwa magotini, miguu ina udongo mweusi mpaka juu. Alikuwa ameliona gari kutoka shambani. Na mama yangu, umwambie nini, umpangie nini, asingeweza kukaa huko juu akijua mgeni yuko kwake na hakuna aliyempikia. Angekufa kwanza. Alitua mzigo, akasalimu kwa kupiga magoti kidogo, akaingia jikoni bila kunitazama. Kitambo si kirefu akatoka na viazi na maharagi kwenye sinia, na maji ya kunawa.

Yule bwana akanawa, akala kwa mkono. Kwa mkono! Akachovya kiazi, akapangusa sinia kwa kidole. “Maharagi iko muzuri sana,” akasema. “Na huyu mama njo nani?”

Baba mkubwa akakaza macho kwenye kiatu chake. Neno lilibaki langu, na hakuna aliyenishikia kisu. Wanaosimulia mambo yao husema walijikuta wamesema. Mimi sikujikuta. Nilipata muda wa kumwona mama, udongo miguuni, majani ya maharagi kwenye nywele, nikaona na barua ya kukataliwa itakayokuja, na nikachagua.

“Njo mutu anatusaidia kazi mu nyumba,” nikasema.

Mama alikuwa ameshika birika. Akamaliza kumimina chai. Yule bwana, kwa adabu yake ileile, akamgeukia. “Mama, umetumika hapa tangu wakati gani?”

“Tangu huyu alizaliwa, bwana,” mama akajibu, akanionyesha kwa kidevu. Akaongeza chai.

“Ah. Basi unamujua vizuri.”

“Ninamujua sasa.”

Akachukua sinia akarudi jikoni. Baba mkubwa alinikanyaga mguu chini, kwa furaha. Mpaka leo kama kuna mguu ningependa kuukata ni ule uliokanyagwa.

Avoka alisema maswali ya nyumbani yametosha, sasa anataka kuniona kazini. Nipande gari, twende wote Walikale, tutarudi Jumapili. Nikapanda. Tulishuka kutoka kwenye baridi ya milima yetu mpaka kwenye joto la msitu, yeye akisinzia, mimi nikiwa na yale majibu ya mama yananizunguka kichwani. Sikumwambia dereva asimame. Nilifikiria jambo hilo mara mbili, ndiyo, na kufikiria ni kazi rahisi.

Mteja wake alikuwa mama mzee wa Kibua, mjane. Shemeji zake walikuwa wamelichukua shamba lake la mihogo, wakaleta tribinali, mahakama ya pale, karatasi yenye alama ya kidole chake, eti alilitoa kwa hiari. Tulimkuta amekaa chini kwenye baraza ya tribinali, mkeka hana. Avoka alimuuliza maswali kwa Kiswahili, karani wa tribinali akamuuliza tena kwa sauti kubwa, mama yule akafunga mdomo. Alitazama viatu vyao. Avoka akanigeukia: “Jaribu.”

Nikavua koti, nikakaa chini kando yake. Sikumuuliza juu ya karatasi. Nilimuuliza kama amekula. Nikamuuliza mihogo mwaka huu imekuwaje, nani amebaki na nyumba, miguu imeuma kiasi gani njiani. Nilinyamaza aliponyamaza. Alipoanza, alisema yote: kwamba baada ya mazishi walimletea pombe na karatasi, wakamwambia ni ya kanisa, ya kumwombea marehemu, akachovya kidole kwenye wino huku analia. Avoka alikuwa amesimama nyuma yetu, anaandika haraka haraka. Kesi ile alishinda siku ya pili yake kwa maneno yale yale.

“Kazi hii ya kusikiliza,” aliniambia tulipotoka, “ku fakulte habaifundishi. Nani alikufundisha?”

Hebu fikiria. Mungu alinipa nafasi ya pili, kaiweka mkononi mwangu, imemenywa. Nilijua jibu. Aliyenifundisha alikaa jikoni kwenye kigoda. Wanawake wa kilima kizima walikuwa wakija kumlilia shida zao, nami nikiwa mdogo nilikaa pale kando ya moto nikisikia jinsi anavyoanza: umekula?

“Profesa mumoja,” nikasema.

“Umuambie asante,” akasema yule bwana, akanipa mkono. “Kwanzia mwezi kesho uko stajiere yangu.”

Jamani! Nilipaswa kutapika pale pale. Nilicheka. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Jumapili gari lilinishusha Karuba. Baba mkubwa alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba ni choo. Kwamba avoka hakuingia, ni kweli, lakini alikiona kwa nje, na mtu mwenye akili akiona nje anajua ndani. Watu walimwamini. Wawili walianza kuchimba vyao. Mama alinipongeza kama wengine, akanipikia kuku, akaniuliza kama Walikale kuna joto. Juu ya siku ile hakuniambia neno, siku hiyo wala zilizofuata, nami nilimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza, jinsi mwoga anavyomshukuru anayemwachia njia.

Asubuhi ya kwenda Goma alikuwa ananifungia mzigo uani. Maharagi kwenye kifuko, viazi, shati moja aliloliosha mwenyewe. Alipiga magoti juu ya ule mzigo akivuta kamba, mgongo wake umenielekea. Akauliza, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaka kujua njia:

“Siku ingine nikikuja kukuona kule ku biro yenu, niseme miye ni nani?”

Hakunitega. Alitaka kujua, asije akaniharibia kazi. Jibu lilikuwa neno moja, la kwanza kabisa ambalo mtu hujifunza kusema, na lilipaswa kutoka kabla hajafunga mdomo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuuona uso wa patron, nikaanza kutafuta namna ya kumweleza, tungeanzia wapi, tungesema alikosea kusikia, au tungengoja kwanza stajie iishe. Nilikuwa natafuta hoja. Mama aligeuza kichwa, akaniona natafuta.

“Basi,” akasema, “sitakuja.” Akakaza kamba, akaupiga mzigo kwa kiganja kuona kama umeshika.